Nani Kakwambia?

Iko methali moja ambayo sisi watu wa pwani huitumia kila tunapotaka kufunga mjadala: "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Nimeisikia barazani tangu utotoni, nimeisikia sokoni, matangani na arusini. Mtu akishaitamka, hapana anayeuliza tena. Habari huwa imekwisha thibitika, na aliyetaka kuuliza huonekana mbishi asiyejua maneno ya wakubwa.

Leo, ndugu msomaji, nimekuja kuishitaki methali hiyo. Naamini imewatia watu wengi katika majuto, na mmoja wa watu hao ni mimi mwandishi wa makala haya.

KICHOCHORO CHETU

Nilikuwa na jirani mtaani kwetu Mombasa, Mkisii, mchuuzi wa vinyago vya mawe. Chumba chake kilikuwa ng'ambo ya kichochoro. Tangu kizingiti changu hadi kizingiti chake ni hatua arobaini. Nimezihesabu baadaye, si wakati ule. Mchana alikuwa akiwauzia watalii sahani, vifaru, mabao na tembo, na jioni huketi mlangoni na karai la maji akisugua jiwe kwa msasa. Mke wangu akipika mahamri, sahani ya jirani haikukosa. Naye, ingawa si Mwislamu, mwezi wa Ramadhani hakuthubutu kula mbele ya watoto wetu.

Uchaguzi mkuu ulifanywa tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30, nchi ikawaka moto. Siku hiyo hiyo serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni, na marufuku hayo hayakuondolewa mpaka mwanzoni mwa Februari 2008. Ati ilikuwa kuzuia fitina. Lakini masikio ya watu hayazibwi kwa amri. Redio ilipopunguza sauti, simu za mkononi zilipaza yao, na yale yaliyosemwa humo hayakuwa na mhariri, hayakuwa na jina, wala hayakuwa na mtu wa kuulizwa.

Jioni moja ya Januari simu yangu ililia. Ujumbe ulisema kwamba mtaani kwetu wako watu wa bara walioficha visu na mapanga chumbani, wakingojea usiku uingie. Mwisho wake uliandikwa, "Mpe na mwenzio." Mimi nimekula mkate wa kalamu kwa miaka mingi. Lau habari ile ingeletwa mezani kwangu gazetini, ningemtazama aliyeileta na kumwuliza: nani kakwambia? Yeye kaona, au naye kaambiwa? Chumba gani? Nani mwingine anajua? Lakini ilinijia simuni, usiku, nikiwa na watoto ndani, nami nikaipeleka kwa watu kumi na wawili. Nilijiambia kwamba nawatahadharisha.

Baada ya sala ya Isha vijana walikuja wakauvunja mlango wa jirani yangu. Visu walivikuta, tena vingi: visu vya kuchongea. Walikuta pia tupa, msasa, karai na tembo wa mawe wasiomalizwa miguu. Mzee mmoja aliyekuwa akitoka msikitini aliingia kati yao na mwenye nyumba, akawaaibisha kwa maneno mpaka wakatawanyika. Hapana damu iliyomwagika. Lakini alfajiri jirani yangu alifunga alichoweza kukibeba, akaenda zake kwao. Nilimwona akipita. Nilisimama nyuma ya dirisha, sikutoka.

Ndiyo sababu, baada ya miaka mingi ya kuahirisha, nilifunga safari ya kwenda nchi ya Wakisii.

CHEBILAT

Ukitoka Nairobi kwa njia ya Narok, ukapita Bomet na Sotik, utafika mahali padogo paitwapo Chebilat. Ni soko la kawaida: maduka, pikipiki, akina mama na ndizi zao. Mgeni hawezi kujua kwamba hapo ndipo penye mpaka. Upande mmoja ni Wakipsigis wa Bomet; upande wa pili ni Borabu, katika kaunti ya Nyamira, ambako Wakisii walipewa mashamba yaliyokuwa ya walowezi wa Kizungu, baada ya uhuru. Chai ni ile ile pande zote mbili, mvua ni ile ile, na miaka ya amani watu huuziana ng'ombe na kualikana harusini.

Tarehe 31 Januari 2008, mbali na hapo, mjini Eldoret, askari wa trafiki alimpiga risasi mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, akafa. Siku mbili tu kabla yake mbunge wa Embakasi, Mugabe Were, alikuwa ameuawa Nairobi. Kwa hiyo nchi ilikuwa imekwisha kaa juu ya baruti. Polisi walisema kwamba kisa cha Eldoret kilikuwa cha mapenzi, kwa kuwa askari wa kike aliyekuwa pamoja na mbunge aliuawa pia. Viongozi wa upinzani walisema kwamba ni mauaji ya kisiasa. Kauli hizi mbili zilitolewa kabla ya ushahidi wowote kufikishwa mbele ya hakimu.

Basi tazama jinsi habari inavyosafiri. Askari yule alikuwa Mkisii. Kufikia jioni swali halikuwa tena kwa nini mtu mmoja amewaua watu wawili. Lilikuwa limegeuka kuwa "Wakisii wamemwua mbunge wetu." Kosa la mtu mmoja mwenye jina likawa kosa la kabila zima. Katika mpaka huu wa Borabu na Sotik watu walitoka na pinde na mishale, nyumba zikachomwa, na Wakisii wengi waliokuwa wakiishi na kufanya kazi katika sehemu za Kericho wakakimbia.

Nilikunywa chai hapo Chebilat na mzee mmoja wa upande wa Nyamira. Nilimwita kwa heshima ya kwao, omogaka, akacheka kwa namna nilivyolitamka. Nilimwuliza ni nani aliyemletea habari siku ile. Alifikiri kitambo, kisha akasema, "Hakuna aliyeileta, bwana. Tuliamka ikawa iko." Akaongeza kwamba jirani yake wa upande wa pili, waliyekuwa wakikodishana fahali, aliambiwa kwamba Wakisii wanakuja usiku kumchoma, na yeye aliambiwa kwamba Wakipsigis wanakuja. Wote wawili walilala porini usiku ule, kila mmoja akimkimbia mwenzake.

Hilo ndilo jambo nililotaka kulileta kwako, ndugu msomaji. Uvumi wa siasa hauji na kusema, "Nenda ukamwue mwenzio." Huja na kusema, "Mwenzio anakuja kukuua." Aliyeupokea hajioni mchokozi hata kidogo, hujiona mlinzi wa watoto wake. Mimi nami, nikiwa na simu mkononi, nilijiona hivyo.

DAFTARI

Nikapita Kijauri na Keroka mpaka mji wa Kisii, ambao wazee wa huko huuita Getembe. Ni mji wa vilima, migomba na mvua za alasiri, na watu wake ni wakarimu, wepesi wa kucheka. Nayaandika haya kwa sababu jambo nitakalolitaja sasa limewaharibia jina, na si haki kabila la watu wengi lijulikane kwa kosa la wachache.

Mwezi wa Mei 2008, wakati moshi wa uchaguzi ulikuwa bado haujatulia, kundi la watu lilipita nyumba hata nyumba vijijini katika wilaya ya Kisii, kama ilivyokuwa ikiitwa wakati ule, likiwa na orodha ya majina. Watu 11 wakauawa kwa kuchomwa moto: wanawake 8 na wanaume 3, wengi wao wazee. Walisingiziwa uchawi. Waandishi wa habari walipofika kuuliza majina yale yalitoka wapi, waliambiwa kwamba liliokotwa daftari katika shule ya msingi, na kwamba ndani ya daftari hilo yaliandikwa yaliyoamuliwa katika mkutano wa wachawi, pamoja na majina ya watu watakaorogwa baadaye.

Tafadhali usilipite jambo hili upesi. Daftari la shule! Fikiri chama cha siri, kinachokutana usiku wa manane, kimeteua katibu, katibu kaandika kumbukumbu za mkutano kwa mwandiko wa kusomeka, kisha kalisahau daftari darasani. Mtu akikusimulia hivyo mchana, umeshiba, utacheka. Lakini hadithi hiyo haikusimuliwa mchana kwa watu walioshiba. Ilisimuliwa kwa watu waliotoka kuona nyumba zikichomwa, waliozika vijana wao, na ambao kila mtu mkubwa aliyewajia tangu Desemba aliwaambia kwamba yuko adui aliyejificha.

Nilizungumza na mwalimu mmoja mstaafu, naye akanijibu kwa ufundi wa kazi yake. "Daftari likiokotwa shuleni," alisema, "mtu wa kwanza kuulizwa ni mwalimu. Mimi nimesahihisha madaftari miaka thelathini. Nipe ukurasa mmoja nitakwambia kama ni mkono wa mtoto au wa mtu mzima, kama ameandika kwa haraka au kwa utulivu, na pengine nitakwambia ni mtoto wa nani." Kisha akanyamaza, akasema kwa sauti ya chini, "Lakini wenye hasira hawapeleki karatasi kwa mwalimu."

Wala Mei 2008 haukuwa mwanzo wala mwisho. Kati ya mwaka 1992 na 1994 yalitokea mauaji ya aina hiyo katika Gusii, na mwanazuoni Justus Ogembo aliyatungia kitabu kilichotoka mwaka 2006. Ukiitazama miaka hiyo utakumbuka kwamba ndiyo miaka ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu kurudishwa kwake, miaka ya wasiwasi na maneno mengi. Na mwezi wa Oktoba 2021 wanawake wanne waliuawa katika sehemu ya Marani, kwa madai kwamba wamemroga kijana. Mara nyingi, wanaochunguza visa hivi wakichimba, chini ya neno "mchawi" hukuta shamba: mjane mwenye ekari yake, na jamaa anayeitamani.

Sheria ipo. Sheria ya Uchawi ya Kenya ni ya mwaka 1925, na ndani yake kumtuhumu mtu uchawi mbele ya watu ni kosa. Lakini sheria humkamata aliyesema, na uvumi hauna msemaji. Kila mmoja kasikia tu.

MASWALI YA MHARIRI

Siku hizi iko kazi maalumu katika magazeti, ya watu ambao hawaandiki habari mpya bali huzipekua zilizokwisha kuandikwa na kutumwa: picha hii ni ya wapi, kauli hii ilitolewa lini, takwimu hii ilitoka kitabu gani. Shirika la Africa Check lilianzishwa Afrika Kusini mwaka 2012 na baadaye likafungua ofisi Nairobi. PesaCheck ilianza mwaka 2016. Kabla yao, katika Januari ile ile ya 2008, vijana wa Kenya walitengeneza ramani katika intaneti ambayo mwananchi angeweza kupeleka habari ya ghasia za mahali pake, nao wakajaribu kuzithibitisha kabla ya kuziweka. Waliipa jina la Kiswahili, Ushahidi, na baadaye jina hilo likaenda mbali ulimwenguni.

Kazi hiyo ni njema, lakini msomaji asidhani kwamba ni elimu ngeni iliyoshuka na kompyuta. Sisi Waislamu wa pwani tumekua katika elimu hiyo. Katika Suratul Hujurat waumini wameamrishwa kuichunguza habari anayoileta mtu asiyeaminika, wasije wakawadhuru watu bila kujua kisha wakajuta. Na maulamaa wa hadithi, akina Imamu Bukhari, walifanya nini maisha yao yote? Walisafiri miji kwa miji wakiuliza: wewe umeipokea kwa nani, na huyo kaipokea kwa nani, je, waliwahi kukutana, na je, alikuwa mkweli na mwenye kukumbuka vizuri? Mnyororo ukikatika mahali pamoja, maneno hata yakiwa mazuri namna gani, hayapewi daraja ya sahihi. Mtoto wa madrasa anajua isnadi ni kitu gani. Kisha mtoto huyo huyo akikua, hupokea ujumbe usio na hata mpokezi mmoja, akausambaza kabla ya kumaliza kuusoma.

Nasi waandishi tusijitakase. Mara ngapi nimeona kichwa cha habari kikisema "Wachawi Wauawa"? Aliyekiandika pengine hakukosea idadi wala tarehe wala jina la kijiji. Lakini kwa neno moja amekubali mashitaka ya wauaji, na maiti amehukumiwa mara ya pili, safari hii gazetini. Waliouawa walikuwa wazee waliosingiziwa uchawi. Hivyo ndivyo ilivyothibitika, na hivyo ndivyo ipasavyo kuandikwa. Kadhalika na mwanasiasa. Ukiandika kwamba kiongozi fulani amesema kabila fulani lina mipango ya siri, umeandika kweli kwamba amesema. Lakini usipouliza ushahidi uko wapi, umemkodishia gazeti lako alipigie tarumbeta.

KARATASI YENYE MASHAHIDI

Nilipokuwa Kisii nilifikiri sana juu ya lile daftari, nikalilinganisha na karatasi nyingine ambayo kila Mkenya sasa anaijua: Fomu 34A. Kura zikishahesabiwa kituoni, matokeo huandikwa katika fomu hiyo. Msimamizi wa kituo hutia sahihi, mawakala wa wagombea hutia sahihi, na nakala hubandikwa mlangoni ambapo kila mpita njia ataiona. Katika uchaguzi wa Agosti 2022 vituo vilikuwa 46,229, na Tume ya Uchaguzi iliziweka picha za fomu hizo hadharani katika intaneti, kila mwenye simu akaweza kujumlisha mwenyewe.

Je, maneno yalikwisha? Hayakwisha. Ilidaiwa kwamba fomu zilibadilishwa njiani na watu waliojificha ndani ya mitambo. Lakini safari hii madai yalikuwa na mahali pa kupimwa. Mahakama ya Juu iliamuru mitambo na fomu zikaguliwe, picha zikalinganishwa na karatasi za asili, hapakuonekana tofauti ya maana, na tarehe 5 Septemba 2022 majaji wakatoa hukumu kwa kauli moja. Wapo walioridhika na wapo wasioridhika, lakini nchi haikuwaka kama ilivyowaka miaka 15 kabla yake.

Hiyo ndiyo tofauti ya karatasi mbili. Moja ina majina ya walioiandika, ina sahihi za watu wasiopendana, na asili yake imehifadhiwa. Ukiitilia shaka, iko njia ya kuuliza. Nyingine iliokotwa. Kwa hiyo msomaji akiletewa habari asiulize kwanza kama inafanana na anavyoamini. Aulize: je, hii ina sahihi, au imeokotwa?

KWETU PWANI

Yamkini wako wasomaji wanaosema, hayo ni mambo ya bara. La hasha. Katika kaunti ya Kilifi, kwa miaka mingi, wazee wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma hizo hizo, na huko pia sababu ya shamba hutajwa mara nyingi. Mzee akiota mvi huanza kuogopa mvi zake. Iko kaya huko Ganze, Kaya Godoma, ambako wazee waliokimbia kuuawa na jamaa zao wamepewa hifadhi. Yawaje mtu aliyezaa na kulea ahitaji kimbilio, kwa kumkimbia mjukuu?

Nasi wa mjini tusijione tumesalimika kwa kuwa hatushiki mienge. Mwenge wetu ni kidole gumba. Habari kwamba fulani kaonekana usiku, kwamba dawa fulani ni sumu, kwamba watu wa kabila fulani wameletwa kwa malori, tunazipeleka huku tumeketi kitandani, na pembeni tunaandika, "Nimeletewa tu, sijui kama ni kweli." Kama hujui, kwa nini umeipeleka? Lau ungepewa chakula usichojua kama ni halali, ungempelekea jirani ukamwambia, "Kula, sijui nyama ya nini"?

TABAKA

Siku ya mwisho nilikwenda Tabaka, kusini-magharibi mwa mji wa Kisii, kule yanakotoka mawe yale ambayo watalii huyanunua Mombasa wakidhani yamechongwa Mombasa. Vilima vimechimbwa vikaacha mashimo meupe. Wanaume huchonga, wanawake husugua kwa msasa na maji, na vumbi hutanda juu ya migomba kama unga.

Nilimkuta jirani yangu ameketi mbele ya nyumba yake na karai lile lile, au linalofanana nalo. Amezeeka, nami nimezeeka. Aliinuka akaniita "Jirani!" kama kwamba ni juzi tu alipohama. Mkewe akatuletea chai na ndizi, na kabla sijanywa nilimweleza lililonipeleka. Nilimwambia kwamba ule ujumbe wa Januari 2008 ulipita mikononi mwangu. Kwamba niliupeleka kwa watu kumi na wawili. Kwamba sikuvuka kichochoro kumwuliza. Na kwamba asubuhi ile nilikuwa dirishani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Hata mimi niliupata," alisema. "Alasiri ya siku ile. Niliusoma, nikaogopa sana. Nilidhani wanasema chumba kingine, cha watu wengine. Nikampelekea shemeji yangu aliyekuwa Likoni, ili ajihadhari. Kisha nikafunga mlango wangu vizuri nikakaa kimya."

Tukatazamana. Yeye ndiye aliyekuwa akisemwa, na visu vilivyosemwa vilikuwa vyake vya kuchongea, na hata yeye alikiamini kisa kile, akakiogopa, akakipeleka mbele.

"Na ule mlango," alisema baadaye, akisugua jiwe, "waliuvunja bure. Wangebisha hodi ningewafungulia."

Nilirudi Mombasa na tembo mdogo wa jiwe, wa kunipa mwenyewe, akakataa bei. Amekaa juu ya meza yangu nikiandika haya. Simu yangu bado hulia kama za wengine, na uchaguzi mwingine hauko mbali kamwe katika nchi yetu. Lakini mtu akiniletea habari ya kutisha, kisha akaniziba kinywa kwa ile methali ya lisemwalo lipo, nimekwisha kujifunza kumjibu bila haya, kama mhariri, na kama mwanafunzi wa madrasa: lipo wapi, bwana wangu? Nani kakwambia? Na kama mlango wa yule anayesemwa uko hatua arobaini tu kutoka kwetu, basi vaa makubadhi yako, twende sote tukabishe hodi.